Naomba ushauri: nguvu kazi ya wanawake India, wasaidizi wasiolipwa niwaweke wapi?

Habari zenu wanajamvi. Wenye uzoefu wa takwimu za jinsia, naombeni msaada.

Nalinganisha usawa wa kijinsia katika majimbo ya India kwa kutumia utafiti wao wa nguvu kazi, PLFS. Kitaifa, ushiriki wa wanawake wa miaka 15 na zaidi ulipanda kutoka 23.3% (2017-18) hadi 41.7% (2023-24). Kinachonitatiza ni msimbo 21, yaani msaidizi asiyelipwa kwenye biashara au shamba la familia. Mama anayekata majani ya mifugo na kukamua nyati wa kufugwa anaingia humo. Pesa ya maziwa aghalabu anaishika mume. Upande wa ajira, kielezo cha ukosefu wa usawa wa kijinsia (GII) cha UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kinapima ushiriki tu, hivyo naye anaifanya picha ya usawa ionekane bora.

Nimejaribu kuuondoa msimbo 21: vijijini picha inaporomoka, na kazi halisi inafutika. Nikitumia hali ya wiki (shughuli za siku saba zilizopita), kigezo ni kufanya kazi saa moja tu, na kazi za msimu zinapotea.

Maswali: niripoti viwango viwili sambamba (chenye msimbo 21 na kisicho nao), au kimoja chenye mgawanyo wa aina ya ajira? Na kulinganisha majimbo ya Kerala na Haryana, nitumie hali ya mwaka (shughuli za siku 365 zilizopita) au ya wiki?