Tupeane uzoefu: bima ya mpangaji Marekani, ule upande wa dhima kwa wengine

Mzee wa Fomu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Ofisi ya apatimenti inataka bima yenye dhima ya dola 100,000. Ya nini, wakati vitu vyangu vyote na kochi juu havifiki 8,000?" Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kuwaelekeza. Mnaofanya kazi za bima, madai na usimamizi wa majengo, mwageni yale mnayokutana nayo mezani kila siku. Hadithi za nani alifanyiwa nini na kampuni gani tuziache.

Nianze na msingi. Hati nyingi za bima za wapangaji huku zimejengwa juu ya fomu iitwayo HO-4. Kinga zake zina herufi: C ni vitu vyako, D ni gharama za kuishi kwingine nyumba isipokalika, E ni dhima yako kwa watu wengine, yaani wajibu wa kulipa hasara uliyowasababishia, F ni matibabu ya wageni. Ile 100,000 ni ya E. Haina habari na kochi lako. Inahesabu kwamba sufuria yako ya mafuta ya maandazi inaweza kuunguza jengo la watu.

Sasa shikeni hili, maana ugomvi mwingi unaanzia hapa. E hailipi kwa kuwa mtu amepata hasara. Inalipa pale sheria inapokubana wewe, na mara nyingi kinachokubana ni uzembe. Bomba la ndani ya ukuta limechoka, limepasuka lenyewe, maji yamemshukia jirani wa chini: hujazembea, kwa hiyo kampuni itamwandikia jirani kwamba mteja wake hadaiwi, na haitoi senti. Jirani atakununia. Lakini ulizima hita Januari huko Minneapolis ukasafiri wiki tatu, bomba likaganda na kupasuka? Hapo kuna maneno.

Kukutetea usilipe usichodaiwa nayo ni kazi ya E. Wakili analipwa na kampuni, na gharama zake hazikatwi kwenye ile 100,000. Na dedaktibo, ile sehemu unayobeba mwenyewe kwanza, iko kwenye vitu vyako; kwenye E kwa kawaida haipo.

Meza ya Madai

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kinachoumiza watu kuliko vyote: maji ndani ya apatimenti yako mwenyewe.

Fomu ya kawaida inasema dhima haigusi uharibifu wa mali uliyopanga, unayoikalia au iliyo mikononi mwako. Halafu inatoa ruhusa tatu tu: moto, moshi, mlipuko. Maji hayamo.

Chukua kisa cha kawaida kabisa. Mtu ananing'iniza hanga yenye suti nzito kwenye kichwa cha springla, kile kidude cha darini chenye kichupa kidogo cha kioo, mara nyingi chenye maji mekundu ndani. Kichupa kile ndicho kinachozuia maji. Kimetengenezwa kipasuke kwa joto la moto, sasa wewe umekivunja kwa uzito. Maji yanatoka galoni 15 hadi 25 kwa dakika, meusi, yananuka, kwa kuwa yamelala kwenye bomba miaka. Kabla mtu wa matengenezo hajafika kwenye valvu, dakika 10 zimepita.

Hasara hiyo inagawanyika hivi. Kochi lako na zulia lako ni kinga C. TV ya jirani wa chini ni E, kwa sababu umezembea. Dari na kuta za jirani ni mali ya mwenye nyumba, lakini hukupanga chumba hicho wewe, kwa hiyo E inaingia. Sakafu na kuta za apatimenti yako? Hizo umepanga wewe, na kilichoharibu ni maji. Kwa fomu ya kawaida, hapo umebaki peke yako.

Ndiyo maana baadhi ya mikataba ya kupanga inataja wazi "moto, moshi, mlipuko na maji". Kampuni nyingine zina nyongeza ya maji, nyingine hazina. Usiulize wakala "je, maji yamo?" Atakujibu yamo, akimaanisha vitu vyako. Muulize hivi: "Nikiharibu kwa maji sehemu ya jengo niliyoipanga mimi, dhima inalipa?" Kisha mwambie akuonyeshe kifungu.

Mama Wawili

Shukrani sana. Na watoto je? Kijana wa miaka 9 akirusha mpira makusudi kwenye kioo cha gari la mtu, si wanasema makusudi hayalipwi?

Meza ya Madai

Swali zuri dada. Makusudi hayalipwi chini ya E, kweli. Lakini kuna kifungu kidogo watu hawakisomi, "uharibifu wa mali ya wengine", kinalipa hadi dola 1,000 kwa tukio bila kujali nani mwenye kosa. Kinachotengwa humo ni makusudi ya mtu wa miaka 13 au zaidi. Wa miaka 9 anapita. Hata akivunja kitu ulichoazima kwa jirani, mradi hakijaibwa na si mali yako wala ya mtu wa nyumbani kwako, kifungu hicho ndicho cha kufungua kwanza. Ukiona 500 badala ya 1,000, hati yako imejengwa juu ya toleo la zamani.

Sambusa na Takwimu

Nizungumzie biashara za nyumbani, maana huko ndiko jamii yetu inakoangukia. Kusuka nywele sebuleni, kupika sambusa za harusi, kulea watoto wa watu.

Fomu ya HO-4, toleo la 2000 na la 2011, inatenga biashara kwenye dhima. Ila inasema shughuli ambayo malipo yake yote hayakuzidi dola 2,000 katika miezi 12 kabla ya hati kuanza haihesabiki kuwa biashara. Angalieni vizuri: ni malipo yote uliyopokea, si faida. Msusi anayetoza 150 kwa kichwa anavuka kwenye kichwa cha 14. Akishavuka, mteja akiungua shingo kwa maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, E inajitoa na F nayo inajitoa.

Kulea watoto wa ndugu, au "leo nikulelee wako, kesho unilelee wangu" bila pesa, hiyo fomu haiiiti biashara. Kulea kwa malipo ya kila wiki ni jambo jingine, kunahitaji bima yake.

Hapa kosa kubwa ni kunyamaza kwa kudhani wakala akijua atapandisha bei. Atapandisha, ndiyo. Lakini ajasta, yule mkaguzi wa madai wa kampuni, akija baada ya ajali, kitu cha kwanza anachokagua ni ukurasa wako wa mtandaoni wenye bei za misuko.

Mgeni Njoo

Hapo kwenye F. Mama yangu mdogo… samahani, tumesema hakuna stori. Niulize kiujumla: mzazi amekuja kutoka Tanga kukaa miezi sita, akateleza bafuni akavunjika nyonga. F inamlipia?

Mzee wa Fomu

Ndugu, hapo umegusa penyewe. F inalipa matibabu ya mtu wa nje aliyeumia kwako, bila kuuliza nani mzembe, kwa gharama zilizotokea ndani ya miaka mitatu tangu ajali. Kiwango chake ni kidogo: dola 1,000 kwa mtu, ukiongeza unafika 5,000. Nyonga iliyovunjika inakula hiyo kabla ya gari la wagonjwa kufika hospitali.

Kikwazo ni nani anaitwa "mwenye bima". Ni wewe, pamoja na ndugu zako wanaoishi kwenye kaya yako. Mzazi akionekana amehamia kwako, anageuka kuwa mwenye bima mwenzako, na mwenye bima hawezi kudai kwa mwenye bima. Akionekana ni mgeni tu, ana nyumba yake Tanga na tiketi ya kurudi, mlango uko wazi. Miezi sita inabishaniwa. Kwa hiyo msitegemee F kwa wazazi. Wakatieni bima ya afya ya wageni kabla hawajapanda ndege.

Hesabu hiyohiyo inamgeukia mwenzako wa chumba. Rafiki mnayegawana kodi si ndugu, basi hati yako haimkingi hadi jina lake liandikwe. Akiunguza jiko, wewe una wakili na yeye hana.

Balkoni ya Tatu

Jiko la mkaa kwenye balkoni. Kanuni za moto zinazotumika miji mingi zinakataza moto wa wazi kwenye balkoni inayoweza kuungua, au ndani ya futi 10 kutoka ukuta wa namna hiyo, isipokuwa jengo lenye springla hadi huko nje au nyumba ya familia moja au mbili. Watu wanadhani ukivunja kanuni bima inakufa. Hapana. Uzembe ndio uliokatiwa bima. Kuvunja kanuni kunamrahisishia tu anayekudai kuthibitisha huo uzembe. Moto ukitokea, hata apatimenti yako yenyewe inaingia kwenye ile ruhusa ya moto aliyoitaja Meza ya Madai.

Bima ya mwenye nyumba ikishamlipa, inaweza kukugeukia wewe irudishiwe. Si kila jimbo linaruhusu. Mahakama ya rufaa ya Oklahoma mwaka 1975, kesi ya Sutton dhidi ya Jondahl, ilisema mpangaji ahesabiwe kama mwenye bima mwenza wa mwenye nyumba, hivyo hadaiwi. Majimbo mengi yakafuata, mengine yanaangalia mkataba mmoja mmoja. Minnesota iko kundi hilo la pili tangu 2012. Barua ya kudai dola 64,000 ikifika, si lazima uwe unadaiwa dola 64,000. Mpe ajasta wako.

Meza ya Madai

Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Utaratibu:

Ripoti siku hiyohiyo, hata kama jirani amesema "yaishe". Toa tarehe, saa, mahali, majina ya waliokuwepo, picha kabla ya kufagia. Usitupe kilichosababisha: kile kichwa cha springla, ile hozi ya mashine ya kufulia iliyopasuka. Hozi yenye kutu kwenye nati inaweza kuonyesha kosa ni la matengenezo ya jengo, si lako.

Usiahidi kulipa. Fomu inasema malipo au ahadi ya hiari ni kwa gharama yako mwenyewe, isipokuwa huduma ya kwanza. Desturi yetu ya kwenda kwa jirani na kusema "ni kosa letu, tutalipa kila kitu" ni ya kiungwana, lakini mpe pole bila kutaja pesa.

Samansi ikifika, ipeleke kwa kampuni siku hiyo. Ohio una siku 28 za kujibu, Minnesota 21. Texas ni saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kwisha. Ukiiweka droo, hukumu inatoka bila wewe, na kampuni ina sababu ya kukukatalia.

Kitu kingine: jirani halipwi TV mpya. Dhima hulipa thamani ya kitu chake kilivyokuwa, na uchakavu umetolewa. Akitaka mpya, adai kwenye bima yake mwenyewe kama alikata nyongeza ya kulipwa kitu kipya.

Kaunta ya Ofisi

Nikiwa upande wa majengo: ofisi ikitaka jina lake kwenye hati yako, mara nyingi inataka kuwa "mwenye maslahi", yaani apewe taarifa hati ikifutwa. Hilo ni bure. Kuwa "mwenye bima wa ziada" ni kitu kingine kabisa, maana hapo anakingwa kwa dhima yako, na kampuni nyingi hukataa. Soma mkataba unataja lipi.

Hati ikikatika, majengo mengi yanakuingiza moja kwa moja kwenye mpango wao wa kila mwezi. Unaona ada kwenye kodi, unadhani una bima. Mingi ya mipango hiyo inamkinga mwenye nyumba tu: vitu vyako hakuna, na jirani akikushtaki huna wakili. Peleka hati mpya, omba ada iondolewe kuanzia tarehe ya hati, na uombe kwa maandishi.

Mgeni Njoo

La mwisho wakuu. Nikienda likizo Mombasa nikamwangusha mtu kwa bahati mbaya ufukweni, E inanifuata?

Mzee wa Fomu

Dhima ya HO-4 haina mpaka wa nchi, kwa hiyo ripoti kama vile ungekuwa Columbus, Ohio. Ukimgonga na gari au pikipiki, sahau. Magari yametengwa huku na huko.

Mama Wawili

Na kutoka 100,000 kwenda 300,000 tofauti ni kubwa?

Meza ya Madai

Mara nyingi ni dola chache kwa mwezi. Omba bei za zote mbili kwa simu moja. Ukiwa na mbwa, mtaje hapohapo, maana kampuni nyingine zinatenga mbwa wote au aina fulani tu, na huko Minnesota na California mwenye mbwa anabanwa hata kama mbwa hajawahi kuuma mtu.