Kemia ya mwaka wa kwanza inanitoa jasho, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa kwanza, hapa Dodoma. Kemia niliiacha kidato cha nne, maana A-level nilisoma PGM (fizikia, jiografia na hisabati). Sasa moli (kile kipimo cha kiasi cha dutu kwenye kemia) zinanivuruga. Juzi niliandika kwamba ukichoma gramu 100 za kalsiamu kaboneti unapata chokaa gramu 100. Kumbe ni 56, zile 44 zinapaa na kaboni dioksidi. Sifuri, halali yangu. Kinachouma, ukoko mweupe ninaokwangua kwenye birika hosteli (si mnayajua maji yetu ya chumvi) ni kaboneti hiyohiyo! Jaribio la pili ni wiki mbili zijazo. Nirudi vitabu vya kidato cha tano, au nikomae na pasti pepa? Mliopita PGM, mlitokaje?