MAFUTA YA CHEREHANI! Fundi katia MAFUTA YA CHEREHANI kwenye kamera ya marehemu baba

Mwana wa Studio

Wakuu, habari za jioni, yangu si nzuri. Naandika nimesimama, maana nikikaa nitavunja kitu.

Jina lake sitaji. Mnamjua. Kila mwenye kamera ya filamu mji huu ameshapita mikononi mwake, na nusu yetu tuna makovu. Yule wa ngazi za nyuma, mwenye kidirisha, redio ya taarabu na kalenda ya mwaka juzi. Mlangoni kaandika TUNATENGENEZA KILA AINA. Eeh, huyo huyo.

Sasa sikieni. Nina Yashica Mat 124G, ile ya lenzi mbili, moja ya kuchungulia na moja ya kupigia. Baba alikuwa na studio Tanga, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Picha za pasipoti, harusi, watoto wa Idi wamesimamishwa mbele ya pazia lililochorwa ndege. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye filamu ya 120, picha 12 kwa roli, na baba hakupoteza hata moja. Ukipepesa macho anakusubiri mpaka utosheke.

Kamera haikuwa mbovu. Narudia, HAIKUWA MBOVU. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, wa kizee: spidi za pole, zile za jicho kukaa wazi muda mrefu, zimekuwa nzito. Ukiweka 1/125 ya sekunde inapiga safi. Ukiweka sekunde moja, jicho linafunguka, gia zinaanza kuunguruma zzzzz, halafu katikati zinakata pumzi kama mzee kwenye mlima. Grisi ya miaka arobaini imeganda kama ugali wa jana. Dawa yake inajulikana: fungua, osha, kausha, rudisha.

Nikamweleza hivyo hivyo, kwa adabu, nikamwita na mzee wangu. Akanijibu, "Kijana, hizi mimi nimezaliwa nazo. Dakika tano."

Fundi akikwambia dakika tano beba kitu chako ukimbie. Mimi nikavuta stuli.

Akazungusha kioo cha mbele cha lenzi kikatoka, kile kinachofunguka kama kizibo. Skrubu hakugusa hata moja. Akavuta droo. Nikajua anatafuta bisibisi ndogo, au pamba, au basi hata kijiti cha masikio. Akatoa MAFUTA YA CHEREHANI. Kile kichupa cheupe cha plastiki chenye mdomo mrefu, ambacho bibi yangu alikuwa anatilia kwenye cherehani yake ya kukanyaga kabla ya kushona mashuka. Akakipangusa mdomo kwa fulana. Akakielekeza kwenye vijibati vya shata, vile vinavyofungua na kufunga jicho, vyembamba kama karatasi ya sigara. Akaminya.

Tone.

Nikasema mzee!

Tone.

Nikasema mzee hapo hapawekwi mafuta!

Tone la tatu, kubwa, la kunikomoa.

Akarudisha kioo, akaweka sekunde moja, akafyatua. Zzzzzzz-tak. "Sikia ilivyolainika." Na kweli ilipiga, mara mbili, ile nafuu ya mgonjwa ya saa za mwisho. Elfu sitini nikatoa. Nililipa wakuu, msinitukane, nitajitukana mwenyewe.

Nimefika nyumbani, nafungua mgongo wa kamera, naielekeza dirishani kama baba alivyonifundisha, nafyatua. Vijibati vimefunguka nusu vikabaki hapo hapo. Jicho la kuku anayesinzia. Juu yake rangi za upinde wa mvua, kama dimbwi la maji pale gereji. Nimenusa, inanuka chumba cha bibi.

Leo asubuhi nimerudi. Mnajua kaniambia nini? Hakuinua hata uso. "Kijana, kamera ilishakufa. Mimi nilikuwa naipaka maiti mafuta." Mama wa chai wa pale pembeni kacheka mpaka kamwaga sukari. Halafu kanidai elfu tano YA KUANGALIA.

Maiti. Kamera ya marehemu baba. Kwa mafuta ya cherehani.

Nawasilisha.

Kibuyu cha Asali

Uzi bila picha ni batili.

Mwana wa Studio

Picha nipige na nini mkuu, si ndiyo hiyo imegandana?

Kibuyu cha Asali

Na hiyo simu unayoandikia haina kamera?

Mzee wa Mbagala

Elfu sitini kwa matone matatu. Elfu ishirini kila tone. Huyo si fundi, huyo ana kisima Kuwait.

Dogo Janja wa Pili

Mleta uzi, swali bila dharau. Mwaka huu, una akili timamu, unapiga picha 12 halafu unasubiri zisafishwe ndiyo ujue umepiga nini? Mimi jana nimepiga 300 kwenye kipaimara.

Mwana wa Studio

Na utazifungua ngapi katika hizo 300? Tone. Tone. Bado nasikia.

Babu Negativu

Kijana, kwanza acha kuifyatua. Kila ukifyatua unayasambaza hayo mafuta, yanazidi kuingia ndani. Vijibati vya shata vinafanya kazi vikavu, havitaki hata chembe. Vikipata mafuta vinanatana kama vioo viwili vilivyolowa, na kaspringi kake hakana nguvu za kuvitenganisha. Mafuta yana mahali pake pamoja tu, kwenye vihimili vya gia za spidi za pole, tena unaweka kwa ncha ya sindano, unayatafuta kwa miwani.

Haijafa. Itolewe shata nzima, iogeshwe kwa ile petroli nyeupe ya viberiti vya kujaza, ikaushwe, irudiwe, hata mara tatu au nne. Kila mara utaona vimekuja vizuri, kesho yake mafuta yanatambaa tena kutoka kwenye kingo. Usikate tamaa, rudia. Na vioo vya lenzi vipanguswe, maana mvuke wa mafuta utakuwa umeshatua humo, picha zitatoka na ukungu.

Ila marehemu baba yako angekuchapa wewe kwanza. Tone la kwanza sawa, ni ajali. La pili ulikuwa unasubiri nini?

Mwana wa Studio

Nilipigwa na butwaa babu. Mtu akikumwagia chai usoni hutoi hotuba papo hapo.

Mzee wa Mbagala

Unatoa, ili tone la tatu lisidondoke.

Bin Jahazi

Poleni nyote. Mimi wa Mombasa, na nyinyi hamjaona kitu. Nilikuwa na Rolleicord, nimeihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, ndani ya kabati, najiona mtunzaji. Kumbe ile ngozi inavuta unyevu, na joto letu hili la pwani, fangasi wakaingia lenzi, nyuzi nyuzi kama buibui. Nikampelekea fundi wetu, naye simtaji. Wallahi alikisugua kioo kwa JIVU. Jivu la jikoni na ganda la nazi, kama asugua sufuria ya pilau. Fangasi walitoka. Na ile rangi ya zambarau ya juu ya lenzi nayo ikatoka. Sasa nikipiga picha kukielekea jua, yatoka nyeupe kama maziwa ya nazi.

Mwana wa Studio

Jivu afadhali. Jivu halikuambii ni maiti.

Bin Jahazi

Ati afadhali! Mafuta yaoshwa ndugu yangu, babu hapo juu ashakwambia. Rangi ya lenzi mimi niitoe wapi?

Kamau wa Filamu

Nyinyi wote hamna shida. Hapa Nairobi niko na Hasselblad 500C/M. Ile kitu, ukitoa lenzi, lazima bodi na lenzi zote ziwe zimevutwa springi zake. Moja ikiwa imevutwa na ingine imeachilia, inajifunga, huwezi toa lenzi, huwezi zungusha. Dawa ni kutoa mgongo wa filamu, unapitisha bisibisi ndefu kwa nyuma, unageuza kale kashina mpaka kashike. Dakika moja na mkono mtulivu. Nikaogopa kuikwaruza, nikapeleka kwa fundi. Jamaa akaishika, akaitingisha kwa sikio, akaniambia, "Boss, hii imeingia virusi. Inataka kuflashiwa."

Hasselblad. Haina hata betri.

Mzee wa Mbagala

😂😂😂 Ikaflashiwa?

Kamau wa Filamu

Aliuliza kama niko na chaja yake.

Shangazi Nuru

Wale Wamarekani waliokwenda mwezini walibeba Hasselblad, wakarudi na filamu tu, miili ya kamera wakaiacha huko huko. Watu wanasema ni kupunguza uzito. Mimi nasema walishasikia habari za mafundi wa huku chini.

Mjomba Ughaibuni

Mimi niko Ujerumani. Huku fundi wa Rolleiflex ni mzee wa miaka sabini na kitu, anakupa foleni ya miezi minane, na bei yake unanunua kamera nyingine. Nilimwomba aniharakishie, akaniuliza, nani kafa?

Dogo Janja wa Pili

Tumeshajua uko Ujerumani, kaka. Asante kwa taarifa.

Fundi Maiko Mstaafu

Mimi kioo changu cha ndani, kile kinachopeleka picha kwenye skrini ya juu, kilichujuka. Fundi akakata kipande cha saitimira ya bodaboda akapachika. Nikichungulia naona watu wawili wawili. Bibi harusi mmoja, wanaume wawili.

Babu Negativu

Kwa sababu kioo cha kamera kimepakwa rangi yake ya fedha upande wa juu, na cha bodaboda kimepakwa upande wa nyuma, kwa hiyo mwanga unarudi mara mbili, juu ya kioo na chini yake. Na kwa kuwa lenzi ya kupigia haipiti kwenye hicho kioo, utafokasi vizuri juu, filamu itoke nje ya fokasi. Usikipanguse kwa kitambaa pia, kinachubuka kama ngozi ya kitunguu.

Fundi Maiko Mstaafu

Babu umechelewa miaka miwili. Ndoa yenyewe ilishavunjika.

Mama Swabra

Nimepita tu, mimi mambo ya kamera siyajui. Ila mmesema cherehani mmenitonesha kidonda. Fundi wangu wa nguo, wa pale sokoni, mnamjua, nimempa kitambaa cha harusi ya mdogo wangu WIKI TATU kabla. Nikamwonyesha na picha kwenye simu. Mikono ya puto, kiuno kibane, rinda nane. Ijumaa naenda, ananiambia dada njoo Jumamosi asubuhi nimalizie vifungo. Jumamosi asubuhi gauni HALIJAKATWA.

Shangazi Nuru

Halijakatwa???

Mama Swabra

Limekunjwa vile vile nilivyompa. Kalilalia.

Mwana wa Studio

Pole dada. Ila turudi kwenye kamera. Tone la tatu jamani, la makusudi kabisa.

Mzee wa Mbagala

Tulia wewe. Mama Swabra, harusini ulivaa nini?

Mama Swabra

Alinishonea kwa saa mbili. Rinda nane zikawa tatu, tena zote upande mmoja. Nilivyokuwa nacheza nilionekana kama mlango unaofunguka.

Kibuyu cha Asali

Uzi bila picha ni batili.

Shangazi Nuru

Wangu alimshonea mume wangu suti, mguu mmoja wa kiume, mmoja wa msichana wa shule. Nikamuuliza, akasema bwana anasimama vibaya.

Kamau wa Filamu

Hata mimi niko na story ya suti.

Mwana wa Studio

Huu ni uzi wa KAMERA. Fungueni wa kwenu.

Mlinzi wa Jukwaa

Uzi umehamishiwa Jukwaa la Mitindo na Mavazi.

Mwana wa Studio

Mod!! Kwa kosa gani?

Kila Aina (mwanachama mpya, ujumbe wa 1)

Kijana, nimeletewa huu uzi na mama wa chai. Umesahau kifuniko cha lenzi kwenye stuli. Njoo nacho na elfu tano yangu.

Mwana wa Studio

WAKUU NI YEYE. Ni yeye mwenyewe huyu! Babu Negativu, Mbagala, njooni muone!

Mama Swabra

Samahani mzee wangu Kila Aina, hiyo cherehani yenye hayo mafuta, ipo? Nina rinda tano zinataka kurudishwa.

Kila Aina

Ipo. Lete. Dakika tano.

Mama Swabra

Unafunga saa ngapi?