Naomba ushauri: mbwa wangu mdogo anaombaomba kila tukila

Wakuu, habari zenu. Nipo Ujiji, Kigoma. Nina mbwa mdogo, hafiki kilo 5, na shida ni kuombaomba. Tukikaa tu mkekani kula ugali na migebuka, anakuja, anaweka kidevu kwenye goti la mtoto, anatoa macho, na analialia mpaka apewe kitu. Watoto wanampa. Bibi yao ndo kabisa, anasema kumnyima mnyama anayekutazama ni roho mbaya.

Vitunguu, zabibu na chokoleti nimeshapiga marufuku, ni sumu kwa mbwa, na kwa mwili mdogo hivi hata kiasi kidogo kinaweza kumdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia, inapasuka vipande vyenye ncha. Sasa kilichobaki kunitia wasiwasi ni dagaa wa chumvi na maandazi.

Nampenda sana, sitaki kumfungia nje wakati wa kula. Mliofuga mbwa wadogo, mliwaachishaje? Nimlishe yeye kwanza? Kipande cha karoti au papai lisilo na mbegu kwenye bakuli lake, tukishamaliza kula, kitamzidishia tabia? Na bibi nimwambieje bila kumvunjia heshima?