Transfoma na stabilaiza: ninunue ipi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Shemeji kamletea mama jiko la umeme la kupikia wali kutoka Japani. Chini limeandikwa volti 100, wati 700, na umeme wetu ni volti 230. Muuza duka kaniambia stabilaiza, fundi anasisitiza transfoma, wote wakizungumza kama kwamba ni kitu kimoja! Nifahamuvyo mimi, transfoma huushusha umeme kutoka 230 hadi 100. Stabilaiza huutuliza tu unapopanda na kushuka, ukabaki kwenye 230 ile ile. Nimefahamu sawa? Transfoma ya wati 1000 itatosha? Magharibi umeme huyumba sana huku, pengine nahitaji zote mbili. Sijalichomeka bado, naogopa kuliunguza na mama kalipenda mno. Naombeni ushauri.