Viwanda vya mifuko vilibadilika kwa hiari au kwa kubanwa?

kijana_mbagala
Wakuu habari za jioni, nina swali linanikereketa siku nyingi. Rambo, yaani mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku hapa Tanzania 1 Juni 2019, kabla ya hapo huku mtaani tuliambiwa haiwezekani, mbadala hakuna, halafu kufumba na kufumbua masoko yamejaa mifuko mipya rangi zote. Sasa mbona hawakuileta mapema?

mama_genge_tmk
Mwanangu, rambo tulikuwa tunampa mteja bure, huu mpya ananunua, nani angeacha cha bure bila kulazimishwa? Kukutwa nayo tu faini inaanzia 30,000, mwenye kiwanda milioni 20 mpaka bilioni 1, au jela. Hapo ndo akili zikafunguka. Mie nilishukuru kwa kweli, mtaro wa nyuma ya genge ulikuwa unaziba kila masika maji yanaingia mpaka kwenye unga.

fundi_mashine
Nimefanya kazi kiwanda cha mifuko. Ile tunayoita ya kitambaa ni polipropilini, yaani plastiki hiyohiyo ila nzito, walitakiwa wafikishe gramu 70 kwa mita ya mraba basi wakaongeza uzito, kwisha. Na pale sheria ilipoacha mwanya wakapenya hapohapo, vile vifungashio laini vya karanga na ubuyu viliruhusiwa, ghafla ndo vinabebea nyanya sokoni, NEMC, baraza la mazingira, wakaanza kukimbizana navyo upya. Kiwanda kinabuni kulingana na unapokibana, kibane kwenye kuzoa taka zake chenyewe uone kama hakitatafuta plastiki inayorudi mashineni.

wa_nakuru
Huku Kenya kelele zilianza kwa wananchi. James Wakibia, mpiga picha wa hapa Nakuru, alipiga picha za taka za dampo la Gioto akawa anaziweka mtandaoni miaka kadhaa, watu wakamuunga mkono, serikali ikaja kupiga marufuku 28 Agosti 2017. Wenye viwanda walikimbilia mahakamani na marufuku ikabaki. Halafu 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya huku, ikatangaza kuzuia hata hiyo ya kitambaa, maana ilikuwa inatengenezwa nyepesi, unabeba mara moja imechanika. Ndio nakubaliana na fundi, na sheria yetu ya taka ya 2022 sasa inamfuata mzalishaji mpaka bidhaa yake ikishatupwa.

kijana_mbagala
Asanteni sana. Fundi, hiyo ya kuzoa taka zao wenyewe ndo imenigusa, maana huku chupa za maji wanaziokota kina mama juani wakauze kwa kilo, na mwenye chupa hatujawahi kumuona.