Nalala wapi na Noah ufukweni bila muziki? (Bagamoyo hadi Tanga)

NoahNyeupe (Morogoro)

Wakuu, habari za majukumu. Nina swali kwa wale mnaolala kwenye mahema pwani.

Mimi na mama watoto tumeng'oa viti vya nyuma vya Noah yetu tukatandika godoro la nne kwa sita. Limeingia kwa kusukumwa na magoti, lakini limeingia. Watoto wawili (miaka 9 na 5) watalala kwenye hema dogo pembeni ya gari. Karavani ya maskini, ukipenda kuiita hivyo.

Mwaka jana tulikwenda sehemu moja ya ufukweni si mbali na Dar, tukitegemea upepo na mawimbi. Spika zilianza saa mbili usiku zikanyamaza saa tisa. Asubuhi watoto wakaokota vizibo vya bia badala ya makombe. Mama watoto alisema hajawahi kuchoka vile akiwa likizo.

Safari hii tunataka pwani yenye utulivu wake: miti, ndege, kaa wa kukimbizana na watoto, choo kinachofungika. Tunategemea Juni, shule zikifunga. Noah yenyewe haivuti magurudumu manne na iko chini. Nimeona picha za Saadani na za Ushongo, zote zinapendeza, nashindwa kuchagua. Nani amelala huko kweli, si kupita tu?

KijanaWaKariakoo

Mkuu una nyumba ina feni na geti, unasafiri ukalipe hela ili uumwe na mbu. Haya, safari njema.

MpishiMstaafu (Tanga)

Mwanangu, hamjambo na mama watoto. Mimi nimepika miaka 14 kwenye yale malori ya watalii yanayozunguka na mahema, na pwani hii nimeisimikia mahema mengi kuliko vitanda nilivyolalia. Weka picha pembeni kwanza. Usianze kuchagua ufukwe, anza kuchagua mwezi. Wa mbinguni, si Juni.

Mwaka 2008, kusini ya Pangani, lori lilituharibikia njiani tukafika saa tatu usiku na Waholanzi 11 wenye njaa. Mbaramwezi kama mchana. Bahari iko mbali huko, hata mlio wake husikii. Nikaona mchanga tambarare, mgumu kama sakafu ya saruji, nikafurahi, nikasema mahema hapa na jiko hapa. Nilipaswa kujiuliza mchanga ule nani aliugandamiza. Saa kumi alfajiri nikasikia sufuria zinagongana. Nikajua ni nyani. Nikatoa mkono nje ya hema nimfukuze, nikashika maji. Kutoka nje, vitunguu vyangu vyote vinaelea kwa foleni kuelekea Pemba na viazi vimezama. Mzungu mmoja amekaa juu ya meza amekumbatia viatu vyake. Hakuna aliyeumia, ila chai ya asubuhi ile ilikuwa na chumvi na hakuna aliyenisemesha hadi Bagamoyo.

Ile ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukitimia, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kupwa ni kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Ukifika tarehe 7 au 22 za mwezi mwandamo ni maji mafu, bahari haiji mbali wala haiendi mbali. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakutosha, huhitaji programu ya simu.

Usiku au mchana, ukifika ufukweni tafuta mstari wa mwani mkavu. Mara nyingi iko miwili: wa chini ni wa jana, wa juu una vijiti, vifuu na ndala moja moja, huo ni wa bamvua. Hema liende juu ya huo wa juu, pale unapoanza kuota ule mtambaa wa maua ya zambarau, huku tunauita mlakasa. Lala chini ya mvinje au mkungu. Usilale chini ya mnazi. Wapo watakaokwambia nazi ina macho, haimwangukii mtu. Mimi nimeiona iliyoangukia kioo cha mbele cha Land Rover, labda ile ilikuwa chongo.

Sasa sehemu zako. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ni huko tu unakuta tembo na twiga na bahari katika matembezi ya siku moja, na kambi ipo karibu na maji. Naipenda. Lakini simba wapo, kwa hiyo mtoto wa miaka 5 akiamka usiku anataka kukojoa ni kazi ya watu wawili na tochi. Chakula chote kinalala ndani ya gari, tumbili wa pale wanafungua zipu kama wewe. Na udongo mweusi wa ndani ya hifadhi ukinyeshewa hata trekta linakaa. Juni mvua ya masika inakuwa imekwisha, ila ikinyesha juzi yake, na Noah yako, mtalala barabarani.

Ushongo pazuri mno, mchanga mrefu na watu wachache. Iko ng'ambo ya mto kutoka Pangani mjini, unavukia Bweni kisha kilomita kama 15.

Kwa gari hiyo na watoto hao mimi ningekwenda Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Kutoka Tanga mjini ni kilomita kama 30, unapita katikati ya mashamba ya mkonge, huvuki mto. Kuna sehemu za kupiga hema zenye kivuli, bafu na choo cha kufungika, na wenyeji wake ni wavuvi, wanalala mapema. Maji yakipwa bahari inakwenda mbali sana, wengine wanalalamika hakuna pa kuogelea. Kwa watoto ni kiwanja: madimbwi, kaa, visamaki, makombe. Wavalishe viatu vya plastiki, matumbawe yanakata. Na uwaambie kwamba kina kirefu mbele yao ndiko anakoishi silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zama za dinosau. Wavuvi wa Kigombe walianza kuwanasa kwenye majarife miaka ya 2003 na 2004, ndiyo sababu 2009 eneo hilo likafanywa hifadhi ya bahari.

Mambo madogo: beba maji baridi madumu mawili ya lita 20, chumvi ikikaa mwilini hulali. Juni upepo ni kusi, unavuma kutoka kusini, kwa hiyo mlango wa hema uelekee kaskazini na jiko liwe nyuma ya gari, ama utatumia gunia zima la mkaa kuchemsha wali. Samaki usije nao. Subiri ngalawa asubuhi, nunua changu au tasi bado wana utelezi, kata ndimu, weka juu ya makaa ya vifuu. Usimtie kitu kingine.

BiPwani (Pangani)

Shikamoo Mzee Mpishi, vitunguu kuelekea Pemba nimecheka peke yangu dukani.

Naongezea kuhusu kasa, maana Juni watu wengi wanakuja na mataa. Kasa wanapandia kutaga fukwe zetu hizi, na mayai hukaa mchangani siku kama 50 hadi 60 kabla ya kuanguliwa. Vifaranga vinatoka usiku na vinafuata mwanga, vinajua mwanga ni bahari. Ukiwasha moto mkubwa ufukweni au ukaacha taa za gari, vinakuja kwako. Nimeviona mwenyewe asubuhi vimekaukia chini ya meza ya watu. Kwa hiyo kaka, moto mpike mapema, nyuma ya miti, na tochi muifunge kitambaa chekundu.

Ushongo mayai mengine yanaletwa kutoka kisiwa cha Maziwe. Kile ni hifadhi tangu 1975 na zamani kilikuwa na mivinje, wazee wetu walipumzika kivulini. Miti iliisha, sasa maji yakijaa kisiwa kinazama chote, mayai yangeoza. Ndiyo wanayahamishia bara na kuyazungushia uzio. Mkibahatika siku ya kuangua, mnaruhusiwa kusimama kimya kuangalia. Mtoto wa miaka 9 hatasahau.

Na hapa ndipo namjibu Mzee: bamvua si adui. Siku za bamvua maji yanapwa saa nne asubuhi, Maziwe inatoka juu nyeupe yote, mnakwenda na boti asubuhi mnarudi kabla ya saa nane. Siku za maji mafu mtafika saa hiyo mkute kipande cha mchanga mnasimamia mguu mmoja.

Jambo la mwisho. Msisimame popote tu mkalala. Ufukwe ni wa wote, ila nyuma yake kuna shamba la mtu. Mtafuteni mwenyekiti wa kitongoji, msalimieni, mwambieni mna watoto. Mara nyingi anawapa na mtu wa kulala karibu, mtampa chochote.

MpishiMstaafu

Marahaba Bi. Kuhusu Maziwe umenifunga mdomo, ni kweli. Bamvua nenda kisiwani, ila hema liwe juu ya mlakasa.

FundiSpika

Samahani kwa jina langu, najua mada inahusu nini 😅

Kuhusu kulala ndani ya Noah: vioo mkifunga mtapikika, mkifungua mbu na usubi wataingia. Chukua sumaku za spika mbovu, kwa fundi yeyote zipo bure. Kata chandarua kikubwa kuliko dirisha, kibane nje ya mlango kwa sumaku sita sita. Inashika hata upepo ukivuma. Lakini usubi ni wadogo wanapenya tundu la chandarua, hasa karibu na mikoko, magharibi na alfajiri upepo ukikatika. Dawa ni mafuta ya nazi miguuni, yawe mazito. Wanatua wananasa.

Na kabla ya kukanyaga mchanga laini punguza upepo wa matairi. Bora zaidi usiukanyage, acha gari penye nyasi.

MtotoWaTiwi (Kwale)

Jirani zangu, mmesahau ng'ambo ya Lungalunga. Tiwi, kusini ya Mombasa, kwatulia kuliko Diani, na watu wa mahema wametujia tangu zamani. Mkitokea Lungalunga mwafika Tiwi kabla ya Mombasa, hampangi foleni ya feri Likoni. Maji yakipwa kuna dimbwi mwambani lina umbo kama ramani ya Afrika, watoto waoga humo bila wimbi. Msikae mpaka maji yaanze kurudi tu, yaja kwa kasi pale.

Onyo langu ni moja: tumbili. Wa kwetu hawaogopi. Mkate wangu waliuchukua nikiwa nimeushika.

NoahNyeupe

Wakuu nimesoma yote, mama watoto naye amesoma, na ameamua (mimi nilikuwa mjumbe tu): Kigombe usiku tatu, halafu gari tuliache Pangani tuvuke kwa miguu na kuchukua bodaboda hadi Ushongo usiku mmoja. Tiwi mwakani, pasipoti za watoto hatuna.

Shida ni kwamba likizo yangu ya kazini imeangukia tarehe 13 hadi 17 za mwezi mwandamo. Bamvua yenyewe. Mzee, niahirishe?

MpishiMstaafu

Usiahirishe. Umeshajua maji yanafika lini na wapi, hilo ndilo mimi sikulijua mwaka ule. Ila vitunguu vining'inize.

NoahNyeupe

Tumerudi jana, bado tunakung'uta mchanga kwenye godoro.

Kigombe tulilala chini ya mvinje, hatua 20 juu ya ule mstari wa ndala. Nilihesabu kwa sababu usiku wa kwanza sikulala, nilikaa kwenye bampa na tochi nyekundu nangoja maji. Yalikuja saa kumi kasoro kama yalivyosemwa, yakafika kwenye mwani, yakabadilisha ndala moja kwa nyingine, yakarudi. Usiku wa pili nililala kama gogo.

Sumaku za spika zinafanya kazi. Mafuta ya nazi yanafanya kazi lakini shuka tumeitupa. Maziwe tulifika saa nne asubuhi, nyeupe hadi macho yanauma, hakuna hata jani. Kasa hatukumwona, tuliona njia yake tu mchangani, kama mtu amevuta tairi kutoka baharini. Mkubwa ameichora kwenye daftari la sayansi.

Muziki hakuna hata kidogo. Tatizo likawa mdogo. Usiku wa pili aliamka, akasikiliza mawimbi muda mrefu, akamwuliza mama yake bahari wanaizima saa ngapi.

MpishiMstaafu

Mwambie tarehe 22 wanapunguza sauti.